Nani Alikata Sare ya Ezra?

Usiku mmoja wa mashairi hapa Nairobi watu watatu waliniuliza nimetoa wapi koti langu, na wote watatu niliwajibu hivi: "Ni la shosho." Uongo. Shosho hakuwahi kuwa na koti kama hilo. Alikuwa na blanketi la viraka, nami nilikuwa nimelipeleka kwa fundi Gikomba, likakatwa likawa mikono miwili, mgongo, kola na mifuko minne. Nilipigwa picha nyingi sana usiku ule. Moja niliiweka mtandaoni na maneno mawili matatu kuhusu ukoo na kumbukumbu, na kufikia asubuhi ilikuwa imependwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Ukiwa unaishi kwa vibarua vya kuandika, hilo ni jambo usilofaa kulifikiria sana.

Siku mbili baadaye tata yangu akapiga simu. Tata ni shangazi, kwetu. Hakusalimia. Aliuliza tu, "Na kile cha kijani kiko wapi?"

Nitarudi kwa kile cha kijani. Kwanza niseme kwamba simu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwa hadithi niliyodhani tulimalizana mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha chuo: "Everyday Use" ya Alice Walker. Nilikuwa nayo bado, fotokopi ya kurasa chache imekunjwa mara nne, pembeni nimeandika kwa biro nyekundu "Dee = mbaya." Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote ya uhakiki.

Ni hadithi fupi, unaimaliza kabla matatu haijajaa. Ilitoka 1973, kwenye mkusanyiko wa Walker uitwao In Love & Trouble. Msimulizi ni mama wa mashambani kusini mwa Marekani, mwenye mwili mkubwa na mikono ya kazi ngumu, ambaye masomo yake yaliishia darasa la pili kwa sababu shule yao ilifungwa 1927. Ana mabinti wawili. Maggie ana makovu ya moto ulioteketeza nyumba yao ya kwanza, hutembea akiangalia chini, na karibu ataolewa. Dee ni mrembo, ana mdomo, na alisomeshwa Augusta kwa pesa ambazo mama yake na kanisa walichanga. Siku ya hadithi anakuja kuwatembelea akiwa na gauni refu la rangi kali, jina jipya, na mwanamume ambaye jina lake linamshinda mama kutamka. Anapiga picha za Polaroid akihakikisha nyumba imeingia kwenye kila moja. Wanakula. Halafu anaanza kuomba vitu: kifuniko cha chombo cha kusukia maziwa, mchi wake, na mwishowe anafikia sanduku lililo miguuni pa kitanda cha mama. Humo mna mifarishi miwili.

Mfarishi ndio sisi nyumbani tuliita tu blanketi la viraka. Ni tabaka tatu. Juu kuna vipande vya nguo vilivyoungwa, katikati pamba au chochote cha kuleta joto, chini kitambaa kimoja kikubwa, halafu uzi unapitishwa kwenye tabaka zote tatu ili zisitembee. Kuunga vipande ni kazi moja, kushona tabaka ni nyingine, na Walker anazitenganisha kwa makini. Nyanya, Grandma Dee, ndiye aliyeunga vipande. Baada yake Mama na dada yake, Big Dee, wakavitundika kwenye fremu barazani na kuvishona. Ndani yake mna magauni ambayo nyanya aliyavaa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, mashati ya babu Jarrell, na kipande kimoja cha buluu iliyopauka, kidogo kama kiberiti, kutoka kwa sare ambayo babu mkuu Ezra aliivaa kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani.

Dee anaitaka akaitundike ukutani. Mama alikuwa amemwahidi Maggie akiolewa. Dee anashtuka, kwa sababu Maggie ataitumia kila siku hadi iraruke. Maggie, akiwa amesimama mlangoni, anasema basi achukue tu, yeye anaweza kumkumbuka nyanya bila hiyo mifarishi. Hapo Mama anafanya kitu ambacho hajawahi kufanya: anaipokonya mikononi mwa Dee na kuitupa kwenye mapaja ya Maggie. Dee anaondoka akiwaambia hawaelewi urithi wao. Anavaa miwani ya jua. Mama na Maggie wanabaki uani na ugoro wao hadi saa ya kulala.

Darasani mhadhiri aliuliza nani yuko upande wa Dee. Hakuna mkono ulioinuka. Si unajua, kila mtu ana binamu anayerudi nyumbani Krismasi na lafudhi mpya akiwafundisha watu jinsi ya kupenda githeri. Kumchukia Dee ni rahisi na hakuna gharama. Pia Walker ametusaidia sana kumchukia: gauni lile kwenye joto lile, picha zile, miwani ile. Nikisoma leo naona mwandishi ameegemea mizani kidogo. Hadithi ingekuwa ngumu zaidi, na nadhani bora zaidi, kama Dee angekuwa na sentensi moja ya upole.

Sisi Wakenya tulikuwa na sababu ya ziada ya kumcheka. Jina lake jipya ni Wangero Leewanika Kemanjo. Darasa zima liliangua kicheko, na wale wa kutoka Kiambu, Murang'a na Nyandarua walicheka zaidi. Wangero inakaribia Wangari, inakaribia Wanjiru, lakini haifiki popote. Lewanika alikuwa mfalme wa Walozi, kule ambako leo ni Zambia. Kemanjo inasikika kama jina la Kikuyu lililosomwa upesi kwenye bango la kampeni. Na salamu anayoitoa Dee akishuka garini, ile ambayo Walker ameikatakata kwa vistari, ni Kiganda: wasuze otya nno, umelalaje. Binti amepitia Kenya, Uganda na Zambia bila kutoka Georgia.

Walker mwenyewe alikuwa amefika huku. Alikuwa mwanafunzi alipotembelea Kenya na Uganda katikati ya miaka ya 1960, kwa hiyo majina haya aliyasikia kwa masikio yake. Je, makosa ni yake au ya Dee? Mimi naona tunasahau kwamba anayesimulia ni Mama. Kila neno la Kiafrika kwenye hadithi limepitia sikio la mama aliyeishia darasa la pili, anayesikiliza na kujaribu kwa sababu binti yake amemwomba. Jina limechakaa njiani kama noti ya shilingi hamsini. Sioni tena kwa nini tulicheka hivyo. Kuna watu wazima nyumbani ambao hadi leo wanaita kozi niliyoiacha kwa jina wanalolijua wao, na sijawahi kuwasahihisha.

Kichekesho halisi kiko mahali pengine, na darasani hatukukiona, sisi ambao tulipaswa kuwa wa kwanza kukiona. Dee anasema hawezi kuvumilia kubeba jina la watu waliomkandamiza. Mama anamjibu kwa kuhesabu: umeitwa kwa ajili ya shangazi yako Dicie, naye aliitwa kwa ajili ya Grandma Dee, naye kwa ajili ya mama yake, na anasema angeweza kuendelea kurudi nyuma hadi kabla ya vita. Sasa fikiria desturi ya Wagikuyu, hao ambao Dee anadhani ameazima jina kwao. Msichana wa kwanza anapewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, halafu shangazi wanafuata. Jina haliundwi, linarudi. Mimi ni binti wa pili, kwa hiyo jina langu ni la shosho, na mathe akiwa na furaha au na hasira huniita "maitũ," yaani mama yangu, kwa sababu kwa hesabu ya kwetu mimi ndiye mama yake. Kama Dee angetaka kuitwa Kikuyu kabisa, asingebadilisha chochote. Dee, kwa ajili ya Big Dee, kwa ajili ya Grandma Dee. Familia yake ilikuwa inafanya jambo lile lile bila kulipa jina.

Haya. Turudi kwa mkasi, maana mkasi ndio ulioniamsha.

Swali ambalo kila mtu huuliza kuhusu hadithi hii ni: kutundika au kutumia? Mjadala wote unakaa hapo, kana kwamba mfarishi ulishuka kutoka mbinguni ukiwa mzima, na kazi ya wajukuu ni kuuhifadhi tu, ama ukutani ama kitandani. Lakini angalia tena kile kipande cha buluu. Ezra alirudi na sare, au sare ilirudi bila yeye, Walker haelezi. Ilikaa mahali fulani. Halafu siku moja mtu aliichukua, sare ya vita ile, kitu ambacho leo kingewekwa ndani ya kioo, akaikata. Na akatumia kipande cha ukubwa wa kiberiti. Zingine zilienda wapi? Labda zilikuwa zimeoza. Labda zilifuta meza. Kila kitu kilichomo kwenye mifarishi ile kilikuwa urithi wa mtu kabla hakijawa mfarishi, na kila kimoja kiliharibiwa kwanza. Gauni la arusi haliwi kiraka likiwa bado gauni.

Huku kwetu pia ndivyo. Leso tunayoisifu kama kitu kizima, masimulizi ya Pwani yanasema ilianza na wanawake walionunua vitambaa vya mkono wakaviunga sita kwa uzi kupata nguo moja pana, na hadi leo neno leso ni nguo na ni kitambaa cha kufutia pua. Ilikuwa viraka kabla haijawa leso.

Kwa hiyo nilijipa moyo. Nikamwambia tata kwenye simu kwamba shosho naye alikata. Kwamba blanketi lenyewe ni ushahidi wa kukata. Nilisema maneno mengi mazuri, mengine nimeshayaweka hapo juu. Tata alisikiliza hadi nikamaliza, akasema, "Shosho alijua anakata nini."

Hapo ndipo hadithi ya Walker ilinigeukia mkononi.

Soma tena nani anajua nini. Swali la nani alichonga mchi wa kusukia maziwa linapozuka, anayejibu ni Maggie, kwa sauti ya chini kabisa: alichongwa na mume wa kwanza wa Big Dee, Henry, lakini watu walimwita Stash. Jina na jina la utani na ndoa ya ngapi. Dee anacheka, anaitania kumbukumbu ya dada yake, halafu anarudi kupanga jinsi kifuniko kile kitakavyopendeza mezani. Yule msichana mwenye makovu ambaye kila mtu anamwona mzito wa akili ndiye maktaba ya nyumba ile. Na kuna jambo jingine linalopitishwa haraka hadi unaweza kuliruka: Maggie anajua kushona mifarishi. Grandma Dee na Big Dee walimfundisha. Ikiraruka, atashona mingine. Ndiyo maana anaweza kuiachilia. Tulisoma maneno yake kama unyonge, mtoto aliyezoea kunyimwa, na unyonge upo kweli, lakini mle ndani pia kuna mtu anayejua hasa anacho nini.

Dee anajua ruwaza, anajua thamani, anajua kwamba imeshonwa kwa mkono na si kwa mashine. Hajui kutengeneza mwingine.

Nami? Nilijua nini nilipofika Gikomba na mfuko wangu? Nilijua kwamba marobota ya mitumba yanayofunguliwa kule yana kila kitu isipokuwa kitu kama hiki. Nilijua Emily Adams Bode alianzisha kampuni New York mwaka 2016 na kupata sifa kwa makoti yaliyoshonwa kutoka kwa mifarishi ya zamani. Nilijua kwamba mwaka 2021 A$AP Rocky alifika Met Gala amejifunika mfarishi mkubwa wa rangi rangi, na siku zilizofuata mwanamke mmoja Marekani akajitokeza mtandaoni kusema anautambua: ulikuwa wa nyanya wa mzazi wake, familia iliutoa kwenye duka la mitumba. Habari ile niliipenda mno. Niliisimulia kama kichekesho kizuri, urithi kupanda kutoka rafu ya mitumba hadi zulia la mastaa. Sikuwahi kujiuliza yule mwanamke aliutambua kwa kipande gani.

Fundi aliniuliza kuhusu vipande vilivyochoka. Nilimwambia, "Weka zile ziko poa, hizo zimeisha toa." Sentensi hiyo ni yangu, si yake. Alifanya alivyoambiwa. Nilipoenda kuchukua koti, masalio yalikuwa yameshafagiliwa.

Lakini nisije nikawa nabadilisha tu ile biro nyekundu, niandike "Mama = mzuri" nilale. Upande wa Mama pia una shimo, na watetezi wake hawapendi kulitazama. Kitu kikitumiwa kila siku kinaisha. Dee hadanganyi.

Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Alishona mfarishi wa hadithi za Biblia, picha kumi na moja za vitambaa vilivyokatwa na kushonwa juu ya kitambaa, na mwaka 1886 ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia. Mwalimu wa sanaa, mwanamke mzungu aitwaye Jennie Smith, alitaka kuununua. Powers alikataa. Miaka michache baadaye hali ikawa mbaya, akarudi mwenyewe na kuomba dola 10. Alipewa 5. Kabla ya kuuacha alimweleza Smith kila picha ni ya nini, na Smith akaandika. Halafu alirudi mara kadhaa kuutazama. Leo mfarishi ule uko Smithsonian, Washington. Ni Dee kabisa: umehifadhiwa, hakuna anayelalia. Na ni kwa sababu hiyo tu tunao, na tunajua maana ya kila kipande kwa sababu mnunuzi alikuwa na kalamu na muuzaji alikuwa na mdomo.

Upande wa pili kuna Gee's Bend, Alabama. Wanawake wa kijiji kile walishona kwa nguo za kazi, jinzi zilizotoboka magotini na mashati ya shamba. Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akachukua nguo za kazi za marehemu akazikata zikawa mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike. Huo ulidumu. Mingi haikudumu. Ililaliwa ikaisha, mingine ikaishia kuchomwa ili moshi ufukuze mbu. Mwaka 2002 iliyobaki ikapelekwa kwenye jumba la sanaa Houston, halafu Whitney, New York, na wakosoaji wakaandika wakiilinganisha na michoro ya kisasa ya hadhi ya juu. Kwa maneno mengine, miaka karibu thelathini baada ya Mama kumpokonya Dee mifarishi, Dee alishinda. Ukuta ulikuja hadi kijijini. Sijui kama hilo ni la kusikitikia. Unapoona nguo za marehemu Pettway, magoti yamepauka na mahali mfuko ulipokuwa pamebaki na rangi nzito, unashukuru kwamba mtu fulani alikuwa na ubinafsi wa Dee.

Walker mwenyewe alikuwa pande zote. Alitoka kwenye familia ya wakulima Georgia, akasoma Spelman halafu Sarah Lawrence, akawa yule anayerudi na vitabu. Huyo ni Dee. Lakini mwaka 1952, akiwa na miaka minane, risasi ya bunduki ya kuchezea ya kaka yake ilimpiga jichoni, jicho likapofuka, na kwa miaka mingi alikuwa mtoto anayeinamisha uso ili kovu lisionekane. Huyo ni Maggie. Nikijua hivyo siwezi tena kuisoma hadithi kama hukumu. Naisoma kama mtu anayegombana na nafsi yake na kuamua, kwa siku moja tu, nani apewe.

Na hata siku hiyo, kuna jambo linalonikera ambalo darasani hakuna aliyeligusa. Maggie haulizwi. Dee anaomba, Mama anakataa, Maggie anajitolea kuachilia, na Mama anamtupia mapajani. Tunaita hilo ushindi wa Maggie. Lakini kama angesema hataki? Hata haki yake anapewa kama adhabu ya dada yake. Walker anamwacha na tabasamu mwishoni, la kwanza la kweli, na tumeridhika nalo miaka yote hii. Mimi nilikuwa nimeridhika nalo pia.

Kile cha kijani.

Shosho alikuwa akishona sare za shule sokoni Engineer, kule Kinangop, kwa cherehani ya kukanyaga. Kinangop kuna baridi ambayo watu wa Nairobi huisimulia kama hadithi za uongo. Masalio ya sare ndiyo yaliyojaza blanketi: sweta za maruni, kaki za wavulana, mraba mraba wa buluu na nyeupe. Siku niliyopelekwa chuo alinifungia kwenye gunia la nailoni na kuniambia mahosteli yana baridi. Mama wa Walker alimpa Dee mfarishi akienda chuo, Dee akasema umepitwa na wakati. Mimi nilichukua. Nililalia miaka miwili na nusu, na nilipoondoka chuo bila shahada niliondoka nalo. Shosho hakuniuliza kitu. Aliuliza kama blanketi bado linaleta joto.

Mathe ndiye aliyesoma katika nyumba yao. Alienda chuo cha ualimu. Tata alienda sekondari muhula mmoja, halafu karo haikutosha wawili. Ile sketi ya kijani ilikuwa mpya, shosho aliishona mwenyewe akiacha pindo refu ili aikulie. Ilikaa sandukuni miaka mitatu. Mwaka wa nne shosho aliitoa, akaita tata akae karibu, akaikata mbele yake. Kipande kimoja kikaingia kwenye blanketi, pembeni kabisa, upande wa kichwa. Hivyo ndivyo tata alivyonisimulia, baadaye, bila kuinua sauti. Miaka yote nililala na kile kipande karibu na shavu langu, na nilidhani ni rangi tu. Kilikuwa kimechoka kwa sababu ndicho kilichoshikwa zaidi.

Nilienda Kinangop mwezi uliopita. Nilipanda matatu nimelivaa koti, halafu nikalivua Njabini kwa aibu na kulitia kwenye begi, halafu nikalivaa tena kwa sababu ya baridi. Tata alilichukua, akalitandaza kitandani mgongo juu, akaanza kugusa kipande kimoja kimoja kwa kidole. Hii ni kaki ya mjomba wako kabla hajaenda Naivasha. Hii ni ya watoto wa mwalimu mkuu, hawakulipa. Hii ni leso ya cucu wa jirani, tazama, herufi tatu za jina lake zimebaki. Nilikuwa naandika kwenye simu, nikakosa kasi, nikaomba karatasi. Kwenye kipande kimoja chini ya kwapa alinyamaza muda mrefu akasema hicho hakijui, na nikaona kimemuuma kuliko kile kilichopotea.

Hakunigombeza. Alikagua mshono wa fundi, akasema uzi ni mbaya lakini kola imekaa. Akauliza bitana ni ya nini, nikamwambia ni pazia la mitumba, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

Halafu akafungua kabati akanionyesha kitu anachokishona yeye. Sikuwa najua. Hakuna aliyekuwa anajua, hata mathe. Tabaka la juu tu, bado halijajazwa, linafika magotini. Kuna gauni la shosho la kanisani humo, na sweta ya mwanawe, na jinzi.

"Na wewe, huna kitu cha chuo?" akaniuliza.

Nina fulana. Walitugawia wiki ya kwanza, nyeupe, jina la chuo kifuani na mwaka ambao tungehitimu. Sijawahi kuivaa tangu nitoke, na sijawahi kuitupa. Nilimwambia nitaitafuta.

"Lete," akasema. "Tutaikata ukiwepo."

Imetoka sandukuni. Iko juu ya kiti hapa ninapoandika, pamoja na fotokopi ya Walker. Sijaipeleka bado.